Kabla Hujaongeza Gesi: AC Dhaifu Kwenye Kichwa cha Zamani

Kuanzia Novemba mpaka Machi madereva wa masafa marefu wanaingia gereji kwetu na ombi moja: "Fundi, niongezee gesi, AC imechoka." Wengi wanaendesha vichwa vya malori vya umri, Scania 124, Volvo FH12, Actros za mwanzo, magari yaliyokwisha kufanya kazi miaka mingi Ulaya kabla hayajashushwa bandarini Dar es Salaam. Ndani ya ombi lao kuna dhana kwamba gesi inalika, kwamba ukitembea sana inaisha na inabidi ujaze tena. Haiko hivyo. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, inageuka maji (yaani gesi yenyewe inakuwa kimiminika, siyo maji ya kawaida), inarudi kuwa gesi, na hakuna mahali inapochomwa. Kwenye lori itapungua kidogo kidogo kupitia mipira na sili ya shafti ya kompresa, hilo nakubali, kwa sababu gari linatikisika kutwa nzima. Lakini AC inayodai gesi kila mwezi ina tundu. Na nyingi zinazoletwa kwangu zikidai gesi zinayo ya kutosha, wakati mwingine hata imezidi.

Naandika haya kwa sababu hela za madereva zinapotea bure barabarani, na zinatoka kwenye posho ya safari. Naandika pia kwa sababu namwona mtu anashuka kwenye kebini shati limeloa, macho mekundu, na bado ana mlima wa Kitonga mbele yake na tani 30 nyuma. Kiyoyozi cha lori tumezoea kukihesabu kama anasa. Mimi nakihesabu pamoja na breki na taa.

Tuanze na kazi yake yenyewe, maana ukiielewa utajua pa kutafuta. AC inachukua joto la ndani ya kebini na kulitupa nje, basi. Gesi ya R134a, ambayo ndiyo imo kwenye karibu kila lori la tangu katikati ya miaka ya 1990, ikiachwa kwenye hewa ya kawaida inachemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Ndani ya ivaporeta, nyuma ya dashibodi, inabanwa kwenye presha ya psi 30 hivi na inachemkia karibu na nyuzi 1 au 2. Ili ichemke inahitaji joto, na joto hilo inalinyang'anya kwenye hewa ambayo bloa inaisukuma kuja usoni kwa dereva. Kompresa inaifyonza, inaikandamiza mpaka kama psi 200, na kwa presha hiyo gesi inageuka maji ikiwa na nyuzi 54 hivi. Ndiyo maana hewa ya Chalinze ya saa nane mchana, hata ikiwa na nyuzi 34, bado ina ubaridi wa kutosha kuipooza gesi kwenye kondensa pale mbele ya rejeta. Joto linatoka, mzunguko unaanza upya. Kama joto halitoki pale mbele, hata ungejaza mtungi mzima, usoni kwa dereva hakuna kitakachobadilika ila kuwa vibaya zaidi.

Kabla sijafungua boneti namhoji dereva, na nampa muda. Dereva anayeijua gari yake ni kipimo kizuri kuliko geji yoyote, na barabara ya Dar mpaka Tunduma imepangwa vizuri kwa uchunguzi huu: ina joto la pwani lenye unyevu, ina tambarare ya kukimbia ukipita Mikumi, ina tanuri la Ruaha Mbuyuni, kisha mlima wa Kitonga wa mwendo wa polepole, halafu baridi ya Iringa.

Akiniambia AC inapuliza vizuri akikimbia lakini kwenye foleni ya Kimara au mizani ya Vigwaza inageuka hewa ya uvuguvugu, mawazo yangu yanaenda kwenye kondensa na feni. Gari likikimbia upepo unaingia wenyewe. Likisimama ni feni peke yake inayovuta, na kama feni imelegea au kondensa imeziba, hapo ndipo inapojulikana. Akisema inakufa Kitonga na kufufuka juu, ni jambo lile lile, injini inazalisha joto jingi huku gari linatambaa. Akiniambia inaanza na baridi kali, kisha baada ya saa moja au mbili upepo wenyewe unapungua, unakuwa mwembamba ingawa bloa inanguruma, hapo ivaporeta inaganda barafu. Akizima AC dakika kumi barafu inayeyuka, maji yanamwagika, upepo unarudi. Kinachotakiwa kuzuia barafu hiyo ni thermostati au senza ya ivaporeta, na mara nyingi imekufa au imetolewa mahali pake na fundi aliyepita. Na akisema inakata ghafla joto likizidi, inarudi jioni, namsikiliza kwa makini zaidi, maana huo ni ugonjwa wa klachi ya kompresa na nitaurudia hapo chini.

Kuna jibu moja la madereva ambalo huwa silipokei: "Ikifika Iringa inapona." Iringa mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo hata gari lisilo na AC limepona.

Baada ya mahojiano natumia macho na mikono, na geji zinabaki kwenye sanduku. Naweka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati, napandisha bloa, nafunga vioo. Kwenye gari zima, mchana wa Dar, hewa inayotoka inapaswa kuwa kama nyuzi 15 hivi chini ya hewa inayoingia, au zaidi kidogo. Kisha naangalia filta ya hewa ya kebini, ambayo madereva wengi hawajui kama ipo. Nimewahi kuichomoa ikiwa nzito kwa vumbi jekundu kiasi kwamba ukiigonga chini inaacha alama. Kwa magari yanayokwenda Kolwezi na Likasi, kwenye migodi ya Kongo, filta hii inaziba haraka sana, na dereva anaona AC dhaifu kumbe baridi ipo imejaa kwenye ivaporeta, haina njia ya kumfikia.

Kisha kile kilango cha kuchagua hewa ya nje au ya ndani. Kwenye gari la zamani kebo yake imekatika au kimota chake kimekufa, na kimebaki kwenye hewa ya nje. Pwani hilo ni balaa. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na sehemu kubwa ya nguvu ya AC inaishia kugeuza unyevu huo kuwa maji yanayodondoka chini ya gari. Ukiifanya ishughulike na hewa mpya ya nje kila sekunde, haitashinda. Nashika kipande cha gazeti kwenye tundu la kuingizia hewa ya nje; kikivutwa wakati swichi iko kwenye hewa ya ndani, kilango hakifungi.

Sasa kondensa. Hapa ndipo napatia kesi nyingi, na hapa ndipo mafundi wengi wanapita haraka kwa sababu ukiitazama kwa mbele inaonekana safi. Uchafu hauko mbele. Uko katikati, kwenye ule mwanya kati ya kondensa na intakula (kipoozeo cha hewa inayoingia kwenye injini), au kati ya intakula na rejeta: vumbi, mbegu za nyasi, wadudu, vyote vimeshikana na mvuke wa oili ya injini. Tochi ukiiweka upande wa pili na usione mwanga, umepata. Dawa yake ni kulegeza kondensa isogee mbele bila kuvunja paipu, kisha kuosha kutoka nyuma kwenda mbele kwa maji ya mpira wa kawaida na sabuni. Mashine ya kuoshea magari ya presha kubwa inalaza yale mapezi ya alumini, na pezi lililolala halipitishi hewa. Nimeona kondensa nzuri zikiharibiwa kwa dakika tano pale sheli.

Feni nayo ina yake. Malori mengi ya umri huu yana feni yenye klachi ya mafuta mazito ndani, inayokaza yenyewe joto likipanda. Mafuta yale yakivuja au kuchoka, feni inazunguka lakini haivuti. Injini ikiwa imezimwa na ina moto, jaribu kuizungusha kwa mkono. Inatakiwa ikubishie. Ikizunguka kwa uhuru mizunguko kadhaa, imekwisha, na utashangaa ni wangapi wanaoendesha hivyo kwa sababu temperecha ya injini bado inabaki chini ya alama nyekundu. Injini ina uwezo wa kuvumilia. AC haina.

Kuna mzee mmoja aliyetuletea kichwa cha mwaka 2001, anafanya safari za Lubumbashi. Shikamoo zikaisha, nikamuuliza AC imefanyiwa nini. "Fundi, hii gari mimi naijazia gesi Morogoro, naijazia Mbeya, naijazia Tunduma. Kila nikijaza, jioni inakuwa baridi, kesho yake tena joto. Tajiri ameshaniambia nizime kabisa, nifungue kioo." Utingo wake alikuwa ameshaweka taulo lenye maji dirishani.

Kwenye tundu la hewa kipimajoto kilisoma nyuzi 17 na kebini ilikuwa na 31. Siyo mbaya kabisa, lakini kwa kebini kubwa ile, juani, dereva hasikii kitu. Nikafunga geji: upande wa chini psi 55, upande wa juu ulikuwa unaelekea 300. Pande zote mbili juu maana yake joto halitoki, au gesi imezidi, au kuna hewa ya kawaida imechanganyika humo. Kwa mzee huyu zilikuwa zote tatu. Kila fundi wa njiani alimjazia juu ya iliyokuwemo bila kuvuta chochote, na kila mpira wa geji uliofungwa bila kutolewa hewa uliingiza hewa kidogo. Tulipoitoa gesi yake na kuipima kwenye mizani, ilizidi uzito ulioandikwa kwenye stika ya mtengenezaji kwa zaidi ya theluthi. Gesi ikizidi inajaa kwenye kondensa ikiwa maji, inakula ile nafasi ambayo ingetumika kupoozea, na presha inapanda mpaka swichi ya usalama inakata kompresa. Baridi aliyoisikia jioni ilikuwa baridi ya jioni.

Kondensa yake ilikuwa vile vile nilivyoeleza, haipitishi mwanga. Tukaosha, tukafyonza mfumo, tukabadilisha draya (kile kichupa chenye punje za kunyonya unyevu), tukajaza kwa uzito. Presha zikakaa sawa kabisa. Tundu la hewa likasoma 13. Mzee akafurahi, akaanza kutafuta ufunguo. Mimi sikuridhika, kwa sababu geji zilikuwa zinasema baridi ipo na usoni haifiki yote.

Nikaingia chini ya dashibodi upande wa abiria, nikashika mipira miwili ya maji ya hita. Yote miwili ilikuwa inaunguza. Hita ya lori inatumia maji ya moto ya injini, na kuna valvu inayotakiwa kuyazuia ukigeuza swichi kwenye baridi. Valvu ikichoka, haifungi mpaka mwisho, na ndani ya boksi moja kuna ivaporeta ya nyuzi 3 na mita chache za bomba lenye maji ya nyuzi 85. Vinashindana, na dereva anapata wastani wao. Nikabana mpira mmoja kwa kibanio. Tulikaa tukitazama kipimajoto: 12, 11, 10, kikatulia kwenye 8. Mzee alinyoosha mkono kwenye tundu la hewa akauacha pale muda mrefu, akasema, "Kumbe miaka yote hii naendesha hita imewashwa."

Jaribio hili la kubana mpira halina gharama yoyote na linachukua dakika tatu. Kama unaendesha gari la zamani na hujawahi kulifanya, lifanye kesho asubuhi kabla hujamlipa mtu. Ila injini iwe imepoa unapogusa mipira, na mpira mkavu wenye nyufa usiubane kwa nguvu, utapasuka.

Sasa geji. Kipimo cha kwanza nakichukua asubuhi, gari halijawashwa, likiwa kivulini na kila kitu kina joto moja. R134a iliyotulia kwa nyuzi 30 inasoma psi 97 hivi pande zote mbili. Kwa nyuzi 35 inasoma 114. Ikisoma 60, gesi imepungua sana, tafuta tundu. Ikisoma 120 asubuhi ya nyuzi 30, ndani kuna hewa au gesi ya mchanganyiko, na hapo hakuna ujanja, toa yote uanze upya. Ikisoma 97, tahadhari, haina maana gesi ni kamili. Hata ikiwa nusu, maadamu kuna matone yaliyobaki kuwa maji humo ndani, presha itakuwa ile ile. Ndiyo maana simwamini anayejaza kwa kutazama geji peke yake.

Injini ikiwaka na kupigwa resi kidogo, kwa siku ya nyuzi 32, natarajia chini psi 30 hadi 40 na juu 200 hadi 230. Zote zikiwa chini, gesi ni pungufu. Ya chini ikiwa juu na ya juu ikiwa chini, zinataka kukutana katikati, kompresa imechoka, valvu zake za ndani hazibani. Hii huonekana zaidi gari likiwa kwenye sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, na kupiga resi kunaificha. Ya chini ikishuka mpaka kwenye vakyumu, kuna kizibo, mara nyingi valvu ya ekspansheni (kitundu chembamba kinachopitisha gesi kuingia kwenye ivaporeta) au draya iliyopasuka na kumwaga punje zake. Mahali palipoziba utapajua kwa mkono: upande mmoja wa moto, upande wa pili unatoa jasho au barafu.

Kwa mafundi wenzangu wa nyanda za juu nina neno. Ukifyonza mfumo Dar, geji ya vakyumu itakwenda mpaka inchi 29 hivi za zebaki. Ukiwa Mbeya, mita 1,700 juu, hewa yenyewe ni nyepesi, na pampu nzima kabisa itaishia kwenye inchi 24 na kitu. Nimekuta kijana ameibadilisha pampu mpya akidhani imekufa. Angalia kama mshale unabaki palepale pampu ikizimwa kwa nusu saa, na uipe pampu muda wa kutosha unyevu utoke. Maji yakibaki ndani yanaganda kwenye kitundu cha valvu ya ekspansheni, AC inakata na kurudi yenyewe, na yakikutana na oili yanatengeneza tindikali inayokula kompresa.

Kuhusu klachi nilisema nitarudi. Mbele ya kompresa kuna sahani ya chuma inayovutwa na sumaku ya umeme ili ishikane na puli. Kila ikishika inalika kidogo, na mwanya unakua. Kwa kompresa za Sanden SD7H15, ambazo zimeenea kwenye malori, mwanya unaotakiwa ni kati ya milimita 0.4 na 0.8. Asubuhi, koili ikiwa baridi, sumaku ina nguvu ya kuivuta sahani hata ikiwa mbali. Mchana koili imepata moto wa injini pamoja na moto wake yenyewe. Waya wa shaba unaongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo ukiongezeka joto nyuzi 70 mkondo unapungua kwa zaidi ya moja ya tano, tuseme unabaki na kama asilimia 78, na mvuto wa sumaku unashuka kuliko hapo. Sahani haivutiki tena. Dereva anasema AC imekata. Usiku koili inapoa, inashika tena, na akifika kwa fundi asubuhi kila kitu ni kizima, hivyo anajaziwa gesi.

Dawa yake ni kufungua nati ya katikati, kutoa washa moja nyembamba nyuma ya sahani, na kupima mwanya upya kwa filagegi, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Kabla ya hapo pima umeme kwenye plagi ya koili injini ikiwaka: gari la volti 24 linalochaji vizuri litakupa 27 au 28. Ukipata 23, kuna relei (swichi ya umeme) iliyoungua miguu au ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) yenye kutu. Wenzetu wanaoendesha vichwa vya Kimarekani vya volti 12, koili zao zinavuta mkondo kama mara mbili, kwa hiyo kutu ndogo kwenye ethi inawasumbua zaidi.

Tundu la gesi linajionyesha kwa mafuta. Gesi inasafiri na oili ya kompresa, na inapotokea inaacha unyevu unaoshika vumbi. Tazama maungio yote ya paipu, sehemu mpira unapoingia kwenye chuma, uso wa kompresa nyuma ya klachi, na pini za valvu za kujazia, ambazo watu husahau kuzifunga vifuniko. Kujaribu presha tumia naitrojeni. Hewa ya kompresa ya matairi inaingiza maji, na oksijeni ikikutana na oili inalipuka. Nimeshamkuta mtu akiiandaa oksijeni ya kuchomelea kwa kazi hii, tukamzuia.

Na mtungi wenyewe uujue umetoka wapi. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka Vietnam na Brazil na mafundi wakafa, kwa sababu ndani kulikuwa na gesi bandia iliyochanganywa na R40 na kuuzwa kama R134a. R40 ikikaa na alumini inatengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikigusana na hewa. Kompresa ya lori, ivaporeta na kondensa vina alumini. Mtungi wa bei ya kutupa usio na namba wala jina la mtengenezaji mimi siufungi kwenye gari la mtu. Wanaojaza gesi ya kupikia nao wajue kwamba ivaporeta iko ndani ya kebini, na humo kuna dereva anayelala, mwenye sigara au jiko dogo.

Gesi ya R134a haitakuwa rahisi kupatikana siku zote, pia. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yameiweka kwenye orodha ya zinazopunguzwa, na kwa nchi kama zetu kikomo kilianza mwaka 2024. Uzito wake ukiuachia angani unapasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 ya uzito ule ule wa hewa ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Mafundi tulizoea kubonyeza pini na kuiacha ipige mluzi. Mashine ya kuivuta na kuitumia tena ni ghali, lakini gereji mbili tatu zikichangiana inawezekana, sisi tumefanya hivyo.

Nimalizie na matajiri, wenye magari. Kebini ya kichwa cha zamani imekaa juu ya injini. Zile sponji za kuzuia joto chini ya sakafu zimeshaoza au zilitolewa siku gia boksi iliposhushwa na hazikurudishwa. Mpira wa fimbo ya gia umechanika na unaingiza hewa ya moto moja kwa moja kwenye miguu ya dereva. Kuziba hayo ni kazi ya nusu siku na vifaa vyake vinapatikana kwa wapiga viti. Ukimwambia dereva azime AC aokoe dizeli, anafungua vioo, anavuta vumbi na kelele mpaka Tunduma, kisha anakaa kwenye foleni ya mpaka hata siku kadhaa akilala ndani ya chuma kilichopigwa jua. Mtu huyo ndiye umemkabidhi mzigo na gari.

Kwa hiyo akikuletea risiti ya gesi, iwe imeandikwa vitu vinne: gramu zilizotolewa, gramu zilizojazwa, presha za pande zote mbili, na joto la tundu la hewa kabla na baada. Fundi asiyeweza kuandika gramu zilizotolewa hakutoa kitu. Yule mzee wa Lubumbashi valvu yake ya hita haikupatikana siku ile, tukamwekea koki ya mkono kwenye mpira wa maji, akifika Iringa usiku na baridi anafungua mwenyewe.